Kubana na Kushikilia

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona mtaani Buyenzi, na kitambaa alikipima kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Mteja akileta kitambaa, baba hakukitazama kwanza. Alikibana ukingoni, akakisugua kidogo huku akiuliza habari za nyumbani. Kama hakukipenda alikiachia papo hapo, na mteja akajua atafute kingine. Kama alikipenda, alikishikilia maongezi yote, vipimo, bei, siku ya kuja kuchukua, mpaka mteja mwenyewe aanze kucheka. Watu waliozoea kukaa barazani kwetu walikuwa na neno lao kwa jambo hilo. Walisema, "Amechukua." Hapo hata mteja angebadili mawazo, kitambaa kilikuwa kimeshalala kwenye meza ya baba.

Mimi na kaka yangu tulikulia chini ya meza hiyo, kati ya vipande vya poplini na pini zilizodondoka. Kaka alitoka mapema, akaoa, akajenga Gasenyi, mwisho kabisa wa mji upande wa kaskazini. Mimi nilitoka nikarudi. Siku niliporudi kutoka kwa mume, nikiwa na sanduku moja na hasira za kujaza nyumba tatu, baba alikuwa kwenye cherehani. Hakuniuliza nimefanya nini wala nimefanywa nini. Alinyoosha mkono, akabana mkono wa gauni langu karibu na kiwiko, akaugeuza kwenye mwanga.

"Uzi umeachia apa," alisema. "Vua, nikushonee."

Nikavaa kanga, nikampa gauni, nikakaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapokezi yangu, na mpaka leo sijapata mapokezi mazuri kuliko hayo. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya watu wawili, baba na mimi.

Kiharusi kilimpata akiwa ametoka kuswali alfajiri. Kilichukua upande wa kushoto wote na ulimi. Mkono wa kulia haukufa, lakini ulikosa nguvu. Ukiulaza juu ya mto, vidole ndivyo vilivyocheza, kiganja kilibaki pale pale. Shingo ikawa inatikisika yenyewe, mchana kutwa, hata akiwa amelala. Daktari alituambia akili yake ni nzima, anasikia, anaelewa, anakumbuka. Kilicholala ni ulimi. Nilishukuru kusikia hivyo. Baadaye, nikiwa peke yangu, nikaona ni jambo zito kuliko nilivyodhani, maana mtu mwenye akili zake timamu alikuwa amefungiwa ndani na sisi hatukuwa na ufunguo.

Kaka alikuja na hoja zake za kumhamishia baba kwake, na hoja zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniudhi. Nyumba yetu ni ya zamani, choo kiko ng'ambo ya ua, joto la Buyenzi mnalijua, na mafundi wa magari wanapiga bati kuanzia asubuhi. Kwake Gasenyi kuna chumba kikubwa, bomba ndani, upepo wa milimani, na wifi aliyewahi kufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Mimi nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi kule Mutakura. Nikiondoka asubuhi, baba alibaki na jirani, mama mmoja mwema ambaye hata hivyo alikuwa na wajukuu wake wa kufukuzana nao.

"Mudogo wangu, we unashinda kazini kutwa," kaka alisema. "Muzee anabaki na nani?"

"Anabaki na nyumba yake."

"Nyumba inamupa maji? Inamupeleka choo?"

Nikakasirika, kama kawaida yangu nikizidiwa kwa hoja. Kusema kweli nilikuwa naogopa. Baba akienda Gasenyi, nyumba ingepangishwa kwa mtu wa spea za magari. Kaka alikuwa ameshaongea naye, na wazo lenyewe halikuwa baya, maana dawa hazinunuliwi kwa dua. Lakini hakuna aliyesema mimi ningekwenda wapi. Kaka hakunialika kwa sababu alijua nitakataa. Mimi sikuomba kwa sababu siombi. Kwa hiyo tukabishana juu ya baba tu, kila mmoja akijifanya hana lake.

Tulikubaliana jambo moja, kwamba mwenye kusema ni mzee. Basi kaka akamwinamia, akaweka mkono wake ndani ya mkono wa baba.

"Baba, kama unataka twende Gasenyi, nifinye mukono."

Akangoja. Kisha uso ukamng'aa. "Amenifinya! Umeona?"

"Ile ni kutetemeka," nikasema. "Toka apo." Nikauchukua mkono mimi. "Baba, kama unataka kubaki kwako, nifinye."

Na mimi nikafinywa. Wallahi nilifinywa, ningeapa hata mbele ya kadhi. Kaka akasema ni kutetemeka. Tukatazamana juu ya kitanda cha baba kama watu wanaogombea kuku, na baba yuko katikati, kichwa kinatikisika, hakisemi ndiyo wala hapana.

Nilimsimulia mteja wangu mmoja jambo hilo. Ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya Mutakura, mama wa umri wangu, huja kwangu kutoa nakala za mitihani na hukaa akinywa chai wakati mashine inapiga kelele. Alisikiliza, akaweka kikombe.

"Bon, iko programu," alisema. "Kamera ya ordinateri inaangalia mukono. Kidole cha shahada kikisogea, kinukta kinasogea kwenye ekra, kwenye kioo. Vidole viwili vikigusana, ivi, mashini inajua mutu amechagua. Apana kushika kitu. Mutu anabana hewa."

"Inaangalia ata mukono dhaifu?"

"Mukono aufanyi kazi. Ni vidole tu."

Nilicheka. Baba yangu, aliyebana vitambaa vya watu maisha yake yote, sasa atabana hewa. Lakini nilitoka pale nikiwa na furaha, na sababu ya furaha yangu nilijua ni ipi. Mashine haina mtoto wa kwanza wala wa mwisho. Haitaki Gasenyi, haitaki Buyenzi. Itasema anachosema mzee na basi.

Mwalimu alikuja nyumbani akaiweka kwenye kompyuta yangu ya kubeba. Tulitengeneza ukurasa wenye visanduku viwili vikubwa, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Aliniuliza cha kijani kikae upande gani. Nikasema kulia, bila kufikiri. Ndiyo ni jambo la kheri, na la kheri ni la kulia, kwetu hata mtoto anajua. Yeye ni Mkristo lakini hakuuliza zaidi, akaweka NDIYO kulia na APANA kushoto. Kisha akasema inafaa mashine iseme kwa sauti, ili mtu aliye mbali na kioo asikie.

Sauti ya nani? Hapo nilifanya jambo ambalo niliona ni zuri sana. Kaka yangu amerithi sauti ya baba yote, ile nzito yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Tangu alipobalehe watu wakipiga simu walikuwa wanawachanganya. Nikampigia, nikamwambia asome maneno mawili kwenye simu, nami nikayarekodi. Siku ya kwanza tulipowasha, mashine iliposema "Ndiyo" kwa sauti ile, jirani aliyekuwa mlangoni aliangusha sahani. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi.

Baba alijifunza haraka. Mkono tuliulaza juu ya mto, kompyuta kwenye kimeza mbele yake. Kidole cha shahada kilisukuma kinukta, polepole, kama mtu anayetafuta tundu la sindano, kisha kidole gumba kikapanda.

"Baba, chai?"

"Ndiyo."

"Uji?"

"Apana."

Kumbe siku zote zile tulikuwa tunamlisha uji asioutaka! Nikamuuliza tena kuhakikisha, akasema apana, na upande wa mdomo uliobaki hai ukainuka kidogo. Jioni ile tulimpondea ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ndizi, akala mpaka jirani akaogopa. Kwa muda nyumba ilichangamka. Tulimuuliza kila kitu, dirisha lifunguliwe, redio izimwe, binamu fulani aruhusiwe kuingia au aambiwe mgonjwa amelala. Binamu hakuingia.

Basi Ijumaa moja kaka alikuja kutoka msikitini, bado amevaa kanzu aliyoshonewa na baba, kofia mkononi. Mimi nilikuwa sikwenda dukani. Tulikuwa tumepanga kwamba siku hiyo swali litaulizwa. Niliweka kompyuta mahali pake mapema, nikauweka mkono juu ya mto, nikaenda kupakua chakula. Baba alikuwa ameswali kwa macho, kama anavyoswali mgonjwa, na macho yalikuwa bado yamefumba.

Kaka hakungoja chakula. Niliposikia anaanza nikaja mbio na mwiko mkononi.

"Baba, ni mi. Nataka nikupeleke Gasenyi, nikuangalie. Tuende?"

"Ndiyo," ikasema sauti yake kaka mwenyewe.

Kaka akakitazama kioo. Kisha mashine ikasema tena, "Ndiyo." Na tena, "Ndiyo."

Kaka alipiga magoti kando ya kitanda akalia kama mtoto. Mimi nilisimama na mwiko, mchuzi ukinidondokea mguuni, sikuusikia. Ndiyo moja ningeweza kubishana nayo. Lakini mzee alikuwa amerudia, tena na tena, kama mtu aliyechoka kungoja kuulizwa. Nilijiambia, basi alikuwa anataka kuondoka siku zote hizi na mimi ndiye niliyekuwa nimemzibia njia. Iliniuma. Nilipakua chakula, nikamtengea kaka, nikasema heri, itakuwa kama alivyosema mzee. Nilimeza na maneno mengine pamoja na ugali.

Kilichotuchelewesha ni mafuta. Siku hizo vituo vya mafuta vilikuwa vikavu, magari yamepanga foleni tangu jana yake, na kaka alisema atakuja pindi akipata ya kutosha kwenda na kurudi. Kwa hiyo tukangoja. Mimi nilianza kukunja nguo za baba. Sikugusa zangu, kwa kuwa sikujua zikunjwe ziende wapi.

Alasiri moja nilikuwa uani nikianika shuka. Baba alikuwa peke yake chumbani, nimemwachia kompyuta wazi kwa sababu alipenda kuniita nayo. Nikasikia sauti ya kaka ndani ikisema, "Ndiyo." Nikafikiri amepata mafuta, amepitia mlango wa mbele.

"Kaka, karibu!" nikaita. "Nakuja!"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ndiyo."

Nikajiuliza anaongea na nani. Nikaweka beseni chini, nikaingia. Chumbani hapakuwa na mtu ila baba. Macho ameyafumba, midomo inatetemeka kidogo sana, mkono uko juu ya mto. Kidole gumba kilikuwa kinapanda kwenye kidole cha shahada, kinagusa pingili ya juu, kinashuka ya kati, kinashuka ya chini, kisha kinahamia kidole cha pili. Kinukta kilikuwa kimelala juu ya kijani, na kila kidole gumba kilipogusa cha shahada, mashine ikasema ndiyo. Wakati huohuo nikakumbuka kwamba adhana ya alasiri ilikuwa imepita kitambo, na kwamba baba hajawahi maisha yake yote kuswali akainuka bila kuvuta uradi. Tasbihi ya shanga hakuitumia. Alihesabu kwa pingili za mkono wa kulia, kama alivyofundishwa madrasa akiwa mdogo, kama alivyotufundisha sisi.

Alikuwa hasemi ndiyo. Alikuwa anasema Subhanallah.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka, nikaziba mdomo kwa kanga nisimkatishe. Mashine isiyo na upande! Tulimkalisha mzee mbele ya kamera, mkono wa kulia upande wa kulia, jibu la kheri upande wa kulia, na tukamuuliza swali katikati ya uradi wake. Angeulizwa kama anataka kurushwa ziwani, ingesema ndiyo vilevile, na sisi wawili ambao tumelelewa katika nyumba ile, tunaojua anachofanya baada ya kila swala, hakuna aliyetazama vidole. Sote tulitazama kioo.

Alipomaliza alifumbua macho akaniona sakafuni. Sijui alifikiri nini.

Nilimpigia kaka papo hapo, na siwezi kusema nilimpigia kwa upole.

"Ile ndiyo yako ya Ijumaa aikuwa ndiyo," nikamwambia. "Baba alikuwa anavuta uradi!"

"Donc mashini yako inadanganya?"

"Mashini aidanganyi. Sisi ndo tuliuliza mubaya."

"Juu ya nini aukusema Ijumaa? Sasa nimepata mafuta, ndo unaona makosa?"

"Njoo tumuulize tena."

Akasema kwa sauti ile ya baba, taratibu, "Na akisema tena ndiyo, utakubali? Ao utatafuta sababu ingine?"

Nikasema nitakubali. Ndani ya moyo sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba baba atasema apana, na nilikuwa nimeshaanza kurudisha nguo zake kabatini.

Mwalimu alipita jioni akairekebisha. Alifurahi sana kusikia kisa. Alisema programu kama ile inatengenezwa na watu ambao hawajui kwamba kuna mwanadamu anayegusanisha vidole vyake mara nyingi hivyo kila siku bila kutaka kitu kwa kompyuta. Akaifanya isikubali mguso mwepesi tena. Mtu abane, kisha ashikilie, mpaka kiduara kidogo kijae rangi. Akiachia kabla, si jibu. Tulijaribu wakati wa magharibi. Baba akavuta uradi wake wote na mashine ikakaa kimya kwa adabu.

Kaka alikuja kesho yake asubuhi na gari, tangi limejaa. Nilimpa kiti upande mmoja, mimi nikakaa upande wa pili, hakuna aliyeshika mkono wa baba. Wakati wa swala haukuwa karibu. Tulikuwa makini kama watu wa mtihani.

"Tuanze na kitu chenye tunajua," kaka akasema. Akafikiri. "Baba, we ni mwanamuke?"

Kinukta kikaenda kushoto, taratibu. Vidole vikabana. Vikashikilia. Kiduara kikajaa. "Apana," mashine ikasema, na ule upande hai wa mdomo ukainuka. Sote tukacheka, kaka akafuta macho.

"Baba," akasema tena, akisogeza kiti karibu. "Ukitaka, tuende Gasenyi. Ukitaka, ubaki apa, nitakuja kila siku nikipata mafuta. Atuna ugomvi. Tuende?"

Nilikitazama kidole. Kinukta kilikuwa bado kushoto, kwenye APANA, na nikaona nimeshashinda. Kisha kikaanza kuondoka. Kikapita katikati, kikaenda kulia bila haraka, kikasimama juu ya kijani. Kidole gumba kikapanda kikakutana na cha shahada, kikashikilia. Kiduara kikajaa, na hata kilipojaa baba aliendelea kushikilia kidogo, kama mtu anayetaka asirudie.

"Ndiyo."

Hakukuwa na uradi wa kuulaumu. Nilijua tangu kinukta kilipovuka katikati. Nikatamani ningeuacha ule mchana wa kuanika shuka upite, nikae na mashaka yangu. Sasa nilikuwa nimeleta jibu safi, nimelipigania mwenyewe, na lilikuwa la kaka.

"Umesikia," kaka akasema, bila kejeli.

"Nimesikia."

Nikainuka nikatoa tena nguo za baba kabatini. Nilikuwa nalia na sikujificha. Kaka alikunja blanketi, akabeba dawa, akabeba kiti cha choo. Aliuliza cherehani iende au ibaki, nikasema sijui, muulize mwenyewe. Lakini kamera ilikuwa imeshageuzwa, basi cherehani ikabaki. Kisha akarudi kumbeba baba. Nilikuwa nimeinama nikimfunga kanga miguuni asipigwe na upepo njiani. Kaka akaingiza mikono chini ya mgongo na chini ya magoti, akasema bismillahi, akamwinua.

Nikavutwa. Nilifikiri kanga niliyojifunga imenasa kwenye kitanda, maana chuma chake kina ncha. Nikatazama. Haikuwa chuma. Ule mkono wa kulia usio na nguvu ulikuwa umening'inia kando ya kaka, na vidole viwili vilikuwa vimebana pindo la kanga yangu.

"Baba, achia," kaka akasema. "Baba, tunaenda."

Hakuachia. Kaka akamrudisha kitandani polepole. Akainama kuvifungua vidole, kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto aliyeshika wembe. Kabla hajavigusa akasimama. Alikuwa ameona nilichokiona. Vidole havikuwa vimenasa. Kidole gumba kilikuwa kinasogea juu ya cha shahada, kitambaa kikiwa katikati, kinasugua kidogo, kinatulia, kinasugua tena, na baba alikuwa hamtazami kaka wala mimi. Alikuwa anatazama ukutani na uso wa mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Kaka aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikulia chini ya meza ile pamoja na mimi. Hakuna aliyehitaji kumfasiria.

"Amechukua," akasema.

Nikajaribu kusema nina duka, nina nyumba ya kuangalia, siwezi kuishi kwa wifi.

"Duka lako liko Mutakura," kaka akasema. "Toka Gasenyi unafika na miguu. We unapanda basi kila siku kutoka uku, unavuka muji muzima, juu ya kichwa ngumu. Nilikuwa nangoja useme."

"Na mi nilikuwa nangoja uniambie."

"Bon. Muzee amesema." Akanyoosha kanzu, akaangalia pembeni kidogo, kama anavyofanya akiona haya. "Kusanya nguo zako. Apana zote, gari ni dogo."

Nilikusanya kwa mkono mmoja, kaka akinisogezea vitu, kwa sababu sikuweza kwenda mbali na kanga iliyoshikwa. Tulitoka watatu kama tulivyofungamana, kaka amembeba baba, mimi nyuma ubavuni nikifuata pindo langu, jirani akishangilia mlangoni bila kujua anachoshangilia. Kwenye gari nilikaa nyuma, kichwa cha baba kwenye paja langu.

Tulipokuwa tumeshapita Mutakura ndipo nilipokumbuka kwamba kompyuta nimeiacha Buyenzi, wazi, juu ya kimeza. Kaka aliuliza kama turudi. Nilimtazama baba. Alikuwa amelala usingizi, shingo inatikisika kwa mwendo wa gari, na alikuwa bado ameshika.